Mwongozo kamili wa kufungua na kuendesha biashara ndogo Tanzania Bara, kuanzia namba ya NIDA hadi ritani ya mwaka

Katika ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2020 kuhusu wepesi wa kufanya biashara, Tanzania iliwekwa nafasi ya 141 kati ya nchi 190, wakati Rwanda ilikuwa ya 38, Kenya ya 56 na Uganda ya 116. Septemba 2021 Benki hiyo iliacha kabisa kuitoa ripoti hiyo baada ya kubainika dosari katika takwimu za matoleo ya 2018 na 2020, na tathmini nyingine ikaanza kutolewa mwaka 2024. Kwa mtu anayetaka kufunga mashine ya kusaga nafaka Kibaigwa au kufungua duka la vipuri Makambako, nafasi hizo hazikuwa na msaada mkubwa hata zilipokuwa zikichapishwa, kwa sababu kilichopimwa ni kampuni ya mfano iliyoko Dar es Salaam, na kwa sehemu kubwa majibu yalitolewa na mawakili na wahasibu wanaohudumia kampuni za aina hiyo.

Hali halisi inahitaji maelezo ya namna nyingine. Usajili wenyewe umerahisishwa kiasi kwamba haupaswi tena kumwogopesha mtu mwenye simu, namba ya NIDA na subira ya kusoma fomu hadi mwisho. Ugumu umebaki katika mambo mawili ambayo hayaelezwi vya kutosha: mpangilio wa hatua, maana hatua moja ikitangulizwa pasipostahili hugharimu fedha na miezi, na wajibu unaoendelea mwaka mzima baada ya mlango kufunguliwa. Mwongozo huu unafuata mambo hayo mawili kwa Tanzania Bara. Zanzibar ina wakala wake wa usajili wa biashara na mamlaka yake ya mapato, na taratibu zake zinatofautiana na hizi.

Ili maelezo yasielee hewani, nimechukua mfano wa mtu mmoja anayetaka kusaga na kufungasha unga wa lishe mjini Morogoro. Nimeuchagua mfano huu makusudi kwa kuwa unagusa ofisi nyingi kuliko duka la kawaida. Mwenye duka la nguo au saluni ataruka sehemu ya chakula na kufuata yaliyobaki kama yalivyo.

Kabla ya karatasi yoyote: hesabu

Wengi huanza na jina la biashara na nembo, kisha hesabu hufuata zikiwa zimekwisha kuharibika. Andika kwanza makundi matatu ya fedha. La kwanza ni vifaa na matengenezo ya chumba. La pili ni gharama zinazolipwa kabla ya mauzo ya kwanza, hasa pango, ambalo wenye nyumba wengi mijini hulitaka la miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. La tatu, linalosahauliwa kuliko yote, ni mtaji wa kuendeshea biashara wakati fedha zako ziko mikononi mwa wateja.

Chukua mfano wa unga. Tuseme unauza mifuko 30 ya kilo moja kwa siku, kila mmoja shilingi 3,500, yaani mauzo ya shilingi 105,000 kwa siku. Maduka mengi ya rejareja hayatakulipa papo hapo. Huchukua mzigo, huuza, ndipo hulipa. Wakikulipa baada ya siku 21, kuna shilingi 2,205,000 zako ambazo ziko nje wakati wote, na katika kipindi hicho unatakiwa uendelee kununua mahindi, soya na karanga, kulipa umeme na kulipa vibarua. Biashara nyingi ndogo hufa zikiwa na wateja wazuri na bidhaa nzuri, kwa sababu tu kundi hili la tatu halikutengewa kitu. Ushauri wangu ni kwamba usinunue mashine kwa fedha yote uliyonayo. Bora mashine ndogo na mtaji wa miezi mitatu kuliko mashine kubwa inayosubiri mahindi.

Hatua ya kwanza: utambulisho

Namba ya utambulisho wa taifa yenye tarakimu 20 ndiyo ufunguo wa mifumo yote inayofuata. Kama kadi yenyewe haijatoka, namba inatosha. Kilicho muhimu ni majina: hakikisha yaliyoko NIDA yanafanana, kwa herufi na kwa mpangilio, na yaliyoko katika akaunti yako ya benki na laini yako ya simu. Tofauti ya herufi moja, kama Halima na Alima, huweza kukwamisha ombi kwa sababu mifumo husomana yenyewe na hakuna karani wa kukuelewa. Marekebisho ya majina huchukua muda, hivyo yafanye sasa, kabla hujaingia gharama yoyote.

Hatua ya pili: jina la biashara au kampuni

Kuna dhana kwamba kampuni ni dalili ya biashara makini na jina la biashara ni la wachuuzi, na dhana hiyo imewaingiza vijana wengi katika wajibu wasioumudu. Jina la biashara ni wewe mwenyewe kwa jina jingine: faida ni yako, madeni ni yako, na mdai anaweza kufuata mali yako binafsi. Kampuni ni mtu tofauti kisheria, na kwa kawaida wenye hisa hupoteza tu kile walichoweka. Hata hivyo kampuni hulipa kodi ya mapato ya asilimia 30 ya faida, hutakiwa kuwasilisha hesabu zilizoidhinishwa na mhasibu mwenye sifa za kisheria hata kama haikuuza kitu, hupeleka ritani, yaani taarifa yake ya mwaka, kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na hutakiwa kutaja watu wanaoimiliki na kunufaika nayo kwa hakika.

Kwa anayeanza peke yake na mtaji mdogo, jina la biashara linatosha, na linampa haki ya kutumia utaratibu rahisi wa kodi kwa wafanyabiashara binafsi ambao kampuni haiupati. Fungua kampuni pale unapokuwa na mbia anayeweka fedha, au mteja mkubwa anayetaka mkataba na kampuni, au biashara yenye hatari ya kudaiwa fidia kubwa.

Hatua ya tatu: BRELA

Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, ulizinduliwa mwaka 1999, na tangu 2018 maombi hufanywa kwa mtandao. Unafungua akaunti kwa namba ya NIDA, unatafuta kama jina ulitakalo halijachukuliwa, unajaza aina ya shughuli na mahali ilipo, unapata namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo wengi huiita kontroo namba, unalipa kwa simu au benki, kisha cheti kinatumwa humohumo. Ada ya kusajili jina la biashara imekuwa shilingi 20,000. Kwa kampuni, ada hupanda kadiri mtaji wa hisa unavyoongezeka, hivyo usijiandikie mtaji wa kujionesha.

Mahali anuani inapoulizwa, weka ile ambayo biashara itakuwepo kweli. Ikiwa bado hujapata chumba, maliza kwanza hatua ya nne, kwa sababu anuani isiyolingana na mkataba wa pango itakurudisha nyuma utakapofika kwenye leseni.

Jambo moja linalohitaji kusisitizwa ni kwamba kusajili jina la biashara hakulindi jina lililo kwenye mfuko wa bidhaa. Ulinzi huo hupatikana kwa kusajili alama ya biashara, ambalo ni ombi jingine katika wakala huohuo, na ulinzi wake wa mwanzo ni wa miaka saba, kisha huhuishwa kwa miaka kumi kumi. Kwa anayefungasha unga, hili ni jambo la kufanyika mapema, kabla ya kuchapisha maelfu ya mifuko. Aidha, kiwanda, hata kikiwa kidogo cha chumba kimoja, husajiliwa pia BRELA chini ya sheria ya viwanda ya mwaka 1967.

Hatua ya nne: chumba na mkataba wa pango

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na ndiyo sababu nitakaa hapa kwa kirefu kidogo.

Usilipe pango kabla ya kupata majibu ya maswali matatu. Je, eneo hilo linaruhusiwa kwa shughuli yako kwa mujibu wa mipango miji? Muulize ofisa biashara na ofisa afya wa kata au wa halmashauri, na ikiwezekana aje akione chumba. Je, umeme unatosha? Mashine nyingi za kusaga huhitaji umeme wa njia tatu, na nyumba nyingi za biashara zina njia moja tu. Kuomba njia tatu kwa shirika la umeme, TANESCO, kuna gharama yake na muda wake, hasa kama transfoma iko mbali. Upatikanaji wa umeme nchini umeimarika tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ilipoanza kuwashwa mwaka 2024, lakini nguvu iliyoko kwenye gridi haikusaidii kama waya unaofika chumbani kwako ni wa taa na friji. Swali la tatu ni la chakula peke yake: je, chumba kinaweza kugawanywa ili mahindi yanayoingia yasikutane na unga unaotoka, sakafu yake inaoshika, madirisha yanaweza kuwekwa wavu, na kuna maji na choo kisichofunguka moja kwa moja kwenye eneo la uzalishaji?

Majibu yakiridhisha, njoo kwenye mkataba. Mkataba wa pango hutozwa ushuru wa stempu wa asilimia 1, na mpangaji wa chumba cha biashara anatakiwa na sheria kuzuia asilimia 10 ya pango na kuiwasilisha Mamlaka ya Mapato, TRA, kwa niaba ya mwenye nyumba. Hii ndiyo kodi ya zuio inayowashangaza wengi, maana hukutana nayo mara ya kwanza wakiwa mbele ya ofisa wa kodi, pango likiwa limekwisha kulipwa lote. Tuseme pango ni shilingi 200,000 kwa mwezi na unalipa miezi sita, yaani 1,200,000. Kisheria unampa mwenye nyumba 1,080,000, na 120,000 inakwenda TRA, ambako utapata hati ya kumkabidhi ili aitumie katika hesabu zake za kodi. Ukimpa yote 1,200,000, hizo 120,000 bado zinadaiwa kwako.

Wenye nyumba wengi hukataa kukatwa na kusema kwamba bei yao ni ya mkononi. Zungumza naye kabla ya kusaini, kwa heshima na kwa uwazi: mweleze kwamba fedha hiyo ni kodi yake mwenyewe inayopita mkononi mwako, na kwamba hati utakayompa ni ushahidi kwamba amelipa. Akiendelea kukataa, basi hesabu pango kama 1,320,000 au zaidi na uamue kama chumba bado kinakufaa. Uamuzi huo ukifanywa kabla ya kusaini ni wa kibiashara tu. Ukifanywa baadaye unakuwa ugomvi. Mkataba utaje pia nani anagharimia matengenezo, na mashine uliyoifunga sakafuni itakuwa ya nani utakapohama.

Hatua ya tano: TIN na makadirio

Namba ya mlipakodi, TIN, hutolewa bila malipo. Yeyote anayekudai fedha kwa ajili ya TIN ni kishoka, hata kama amevaa kitambulisho shingoni. Unaomba kwa mtandao kwa namba ya NIDA au unafika ofisi ya TRA ya wilaya ukiwa na cheti cha BRELA, mkataba wa pango na utambulisho kutoka serikali ya mtaa.

Wengi tayari wana TIN walizopata walipokuwa wakiomba leseni ya udereva au kusajili pikipiki, na hizo ni TIN zisizo za biashara. Usiombe nyingine. Mtu mmoja ana TIN moja, na unachotakiwa kufanya ni kuomba iliyopo iingizwe kwenye biashara. Ukijaribu kuomba mpya, mfumo utakukataa au utazalisha mkanganyiko wa kumbukumbu utakaochukua muda kuurekebisha.

Kisha hufuata makadirio ya kodi ya mwaka wa kwanza, na hapa mtu anapaswa kufika akiwa na karatasi yake ya hesabu mkononi. Ofisa atakuuliza mauzo unayotarajia. Ukikaa kimya, atakadiria kwa anavyoliona eneo na aina ya biashara. Kwa mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka, kodi hutozwa juu ya mauzo. Asiyefikisha milioni 4 halipi. Aliye kati ya milioni 4 na milioni 7 hulipa shilingi 100,000 kama hana kumbukumbu, lakini akiwa nazo hulipa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4. Maana yake ni kwamba mwenye mauzo ya milioni 5 anayeandika daftari lake vizuri hulipa shilingi 30,000, na jirani yake mwenye mauzo yaleyale asiyeandika hulipa 100,000. Anayezidi milioni 11 hutozwa asilimia 3.5 ya mauzo yote.

Rudi sasa kwenye mfano wetu. Mifuko 30 kwa siku kwa siku 300 ni mauzo ya shilingi 31,500,000, na asilimia 3.5 yake ni 1,102,500. Kodi hii haitazami faida. Kwa bidhaa yenye faida nyembamba kama unga, inaweza kuwa nzito kuliko kodi ya faida, na sheria inamruhusu mfanyabiashara kuchagua kutozwa kwa hesabu za faida na hasara, mradi awe tayari kuandaa hesabu kamili. Piga hesabu kwa njia zote mbili kabla ya kwenda. Viwango hivi hubadilishwa na Sheria ya Fedha inayoanza kutumika kila tarehe 1 Julai, kwa hiyo chukua jedwali la mwaka husika ambalo TRA hulitoa bure.

Hatua ya sita: leseni ya biashara

Leseni ziko chini ya sheria ya mwaka 1972 na zimegawanyika katika makundi mawili. Kundi A, lenye biashara za sura ya kitaifa au kimataifa, hutolewa kupitia BRELA. Kundi B, ambalo ndilo la biashara nyingi ndogo, hutolewa na halmashauri kupitia mfumo wake wa mtandaoni uitwao Tausi. Utahitaji TIN, hati ya TRA inayoonesha kwamba huna deni la kodi, cheti cha BRELA, namba ya NIDA na mkataba wa pango. Leseni hudumu kwa mwaka mmoja tangu ilipotolewa, ibandikwe mahali panapoonekana, na kila eneo la biashara huwa na leseni yake. Tawi la pili haliendeshwi kwa leseni ya la kwanza.

Wenye biashara za chini kabisa, wale wa mauzo yasiyofika milioni 4 wanaofanya kazi bila eneo rasmi, wana utaratibu wao wa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo ulioanza Desemba 2018, na hawana sababu ya kupita hatua zote hizi mpaka watakapokua. Msomaji asiye raia wa Tanzania, hata kama ana asili ya hapa, aangalie kwanza amri ya Julai 2025 iliyoorodhesha biashara wasizoruhusiwa wasio raia, zikiwemo uwakala wa fedha kwa simu, saluni na matengenezo ya simu.

Hatua ya saba: kwa wanaouza chakula

Tangu mwaka 2019 usajili wa majengo na bidhaa za chakula ulihamishiwa Shirika la Viwango, TBS, na hapo ndipo utapeleka ombi la jengo kwanza na la alama ya ubora baadaye. Kabla ya TBS, pitia SIDO. Shirika hili la kuhudumia viwanda vidogo, lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi mikoani, hutoa mafunzo ya usindikaji, na barua yake ya utambulisho humwezesha mjasiriamali mdogo kupata unafuu wa gharama za alama ya ubora. Wanaokwenda TBS moja kwa moja hujinyima msaada ambao tayari upo.

Suala lenye uzito kuliko mengine katika unga ni sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu unaoota kwenye nafaka. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo, na unga wa lishe ndio unaopewa watoto wadogo, tena una karanga, ambazo pamoja na mahindi ndizo hushambuliwa zaidi na ukungu huo. Kiwango cha juu kinachokubalika katika viwango vya Afrika Mashariki ni maikrogramu 10 za sumukuvu zote kwa kilo. Sumu hiyo haionekani, hainuki wala haiondoki kwa kupikwa, hivyo kazi yako huanza gulioni: nunua kipima unyevu na usipokee mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5, chambua kwa mkono punje zilizovunjika, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi, hifadhi magunia juu ya chaga mbali na ukuta, na peleka sampuli maabara kila unapobadilisha mahali unaponunua. Nasema haya kwa msisitizo kwa sababu hakuna leseni wala mhuri utakaomrudishia mama mtoto wake.

Lebo ya mfuko ioneshe jina la bidhaa, viambato kwa mpangilio wa wingi wake, uzito halisi, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, jina na mahali alipo mtengenezaji. Uchapishaji wa mifuko mingi usubiri majibu ya TBS, kwa kuwa mara nyingi lebo hurekebishwa. Mizani ihakikiwe na Wakala wa Vipimo kila mwaka. Ukitaka kuingia kwenye maduka makubwa utahitaji msimbo wa mistari. Ile ya Tanzania huanza na 620, na hutolewa na GS1 Tanzania.

Hatua ya nane: wafanyakazi

Ukiajiri hata mtu mmoja, mpe mkataba wa maandishi, msajili katika mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ambako mchango ni asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida nusu yako na nusu yake, na ujisajili katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mchango wake ni asilimia 0.5 na hulipwa na mwajiri peke yake. Mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi haukatwi kodi. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi huanza kukuhusu ukifikisha wafanyakazi kumi. Sajili pia mahali pa kazi OSHA, wakala wa usalama na afya kazini. Kwenye mashine za kusaga, mikanda isiyofunikwa na vumbi la unga vimeumiza watu wengi, na kifuniko cha mkanda fundi wa kuchomelea hukitengeneza kwa siku moja.

Fedha za kuanzia na za kukuzia

Fungua akaunti ya biashara na lipa namba ya jina la biashara siku ileile unapopata leseni, na usipokee malipo ya biashara kwenye namba yako binafsi. Miamala iliyonyooka kwa miezi kumi na miwili ndiyo hoja utakayokuwa nayo mbele ya benki. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa baadaye kwa utaratibu uliorekebishwa. Muone ofisa maendeleo ya jamii wa kata, mjisajili kama kikundi, na chagueni wenzenu kwa uangalifu mkubwa kuliko mnavyochagua mradi, maana deni ni la wote.

Kalenda ya mwaka

Makadirio ya mwaka huwasilishwa mwishoni mwa Machi, na kodi hulipwa kwa awamu nne, Machi, Juni, Septemba na Desemba. Anayetozwa kwa hesabu za faida huwasilisha ritani ndani ya miezi sita baada ya mwaka kwisha, yaani kufikia 30 Juni kwa wanaofunga hesabu Desemba. Kodi ya zuio na ya mishahara hupelekwa kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Mauzo yakishuka katikati ya mwaka, rekebisha makadirio mara moja. Makadirio yasiyorekebishwa hubaki deni. Toa risiti ya mashine ya kielektroniki unapofikia kiwango kinachokulazimu, dai risiti kwa kila unachonunua, kwani matumizi yasiyo na risiti hayakubaliwi, na hifadhi kumbukumbu kwa miaka mitano. Halmashauri nayo hudai ushuru wa huduma unaokokotolewa kutokana na mauzo. Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 haikuhusu mpaka mauzo yafikie shilingi milioni 200 kwa mwaka, kiwango kilichopandishwa Julai 2023 kutoka milioni 100.

Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023, malalamiko yao hayakuhusu namna ya kufungua biashara. Yalihusu kamatakamata, kodi na agizo la kusajili stoo zao, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alilazimika kwenda kuwasikiliza. Kwa hiyo jiandae kwa wakaguzi: weka faili moja lenye nakala za vyeti vyote na risiti za malipo, liwe mahali ambapo hata msaidizi wako analifikia. Mkaguzi akifika, omba kitambulisho na barua inayoeleza anachokagua, andika jina lake na tarehe kwenye daftari, na malipo yoyote yafanyike kwa namba ya kumbukumbu ya Serikali, kamwe si mkononi. Akidai chochote nje ya hapo, namba ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113 na haina malipo.

Ukitaka kusimamisha au kufunga

Kufunga mlango hakufungi biashara. Makadirio ya TRA yataendelea kuhesabiwa, na leseni itaonekana haijalipiwa. Andika barua TRA siku unaposimama, eleza tarehe na sababu, ambatisha uthibitisho wa serikali ya mtaa, na hakikisha umepewa nakala iliyogongwa muhuri. Iarifu halmashauri, kisha ujaze BRELA taarifa ya kuacha kutumia jina la biashara. NSSF na Mfuko wa Fidia nao waarifiwe ili michango ya wafanyakazi walioondoka isiendelee kudaiwa. Kampuni ina utaratibu wake wa kufutwa, mrefu zaidi, na utaanza tu baada ya ritani zote za nyuma kuwasilishwa. Ikiwa unasimama kwa msimu mmoja tu, eleza hivyo kwenye barua, TIN ibaki, na uombe makadirio yapunguzwe kwa miezi ambayo mashine haitasaga.